Wanafunzi Wetu Waishike Baiolojia kwa Mikono Yao

(Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa walimu na wahadhiri wa sayansi hapa mjini Unguja. Wengi hawakuwahi kufika, khasa wenzetu wa Pemba, wakanambia niiweke popote waisome. Basi hii hapa yote kama nilivyoisema, slaidi nimeziacha.)

Assalamu alaykum wa rahmatullah. Walimu wangu, wahadhiri wenzangu, na nyie wanafunzi mliojibanza huko nyuma karibu na mlango, hamjambo? Sogeeni mbele jamani, viti vipo.

Nimetakiwa niseme juu ya kusomesha baiolojia chuoni kwa vitendo na kwa kuchanganya masomo. Sina mambo mengi ila haya niliyonayo yananikaa rohoni, kwa hivyo nikipandisha sauti mtanisamehe.

Nianze na suali. Mwanafunzi wetu wa mwaka wa pili, kapata A ya osmosisi (maji kupita kwenye utando kutoka penye chumvi kidogo kwenda penye chumvi nyingi), definisheni anakuandikia bila ya kukosea hata koma. Mchukue mpaka Chwaka, msimamishe mbele ya mchu, mmoja katika miti ya mikokoni, muulize: huu mti unaishi vipi kwenye maji ya chumvi, mbona mchicha wa mama yako ukiumwagia maji ya bahari unakufa? Anakutizama tu. Na mtoto huyu kazaliwa pale pale Chwaka, kakulia kwenye mikoko ile, kaa kakamata, chaza kaokota, tope lote analijua. Sasa kakosa nini? Akili anayo, A anayo, mti anao nyuma ya nyumba yao. Kakosa nini?

Mie nakwambieni alichokosa: hakuna mtu aliyemkutanisha na mti ule kwa jina la somo. Tumemsomesha osmosisi ya ubaoni miaka yote, kuanzia skuli mpaka chuo, na ule mchu tumeuacha kule kule.

Basi jambo langu la kwanza ni hilo, mkono utangulie. Nikisema mkono utangulie nna maana yake kabisa, kabla ya lekcha, kabla ya notsi, kabla hujaandika neno lolote ubaoni. Sie tumezoea kinyume chake, wiki sita nadharia halafu wiki ya saba, kama kemikali zipo na umeme upo, tunafanya praktikali ya kuthibitisha yale tuliyokwisha kuyasema. Mwanafunzi hana cha kukigundua hapo, jibu keshapewa, anachofanya ni kuhakikisha namba zake zimekaribia za kitabu na zisipokaribia anazikaribisha mwenyewe (mnacheka kwa sababu mnajua).

Mie darasa langu nalipeleka mikokoni kwanza. Nawaambia chuma jani la mchu, lile lililokauka umande, lilambe. Wanaangaliana. Mmoja analamba, anakunja uso, "mwalimu, chumvi!" Hapo wote wanachuma. Wanaliinua juani wanaona chembechembe nyeupe juu ya jani. Haya, sasa lamba la mkoko. Halina. Kwa nini hili lina na lile halina, na miti yote miwili imesimama tope moja, maji mamoja? Hapo mie nanyamaza, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa mwalimu, kunyamaza. Wanabishana wenyewe kwa wenyewe, mmoja anasema mkoko haunyonyi chumvi, mwengine anasema unanyonya lakini inakaa kwenye majani yanayoanguka, na wote wawili wana kipande cha ukweli, maana mkoko chumvi nyingi unaizuia kule kule mizizini, na mchu nao unazuia lakini ile inayopita unaitolea kwenye vitezi vya majani. Tukirudi chuoni tunakata mbatata vipande, vyengine kwenye maji ya mfereji vyengine kwenye maji ya bahari tuliyoyachota siku ile, tunapima kwenye mizani kabla na baada. Kisha ndiyo naandika ubaoni: osmosisi. Nnapoliandika neno hilo mwanafunzi keshakuwa na haja nalo.

Praktikali hiyo imegharimu nini? Nauli na mbatata. Nasema hivi kwa sababu kila tukikaa tunalia maabara, maabara, maabara. Na kweli zinahitajika, mikroskopu zinahitajika, mie siwezi kusimama hapa nikawaambia wakubwa wetu wasinunue mikroskopu. Lakini mtu asingojee mikroskopu ndiyo aanze kusomesha, atastaafu hajaanza.

Ila kuna kitu kimoja lazima nikiseme hapa, ratiba. Ratiba ya chuo inasema praktikali ni Jumanne saa nane mchana. Bahari yetu inatoka sana wakati wa bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na bamvua la kwetu maji yanakupwa mwendo wa saa nne, saa tano asubuhi, tafauti ya kujaa na kukupwa inafika kama mita nne. Jumanne yako saa nane ya maji mafu, yasiyojaa wala kukupwa sana, utamuonyesha mwanafunzi nini? Kwa hivyo wapangaji wa ratiba, mimi nakuombeni kwa heshima zote, nunueni kalenda ya maji muiweke pembeni ya ile kalenda ya semista. Na mwanafunzi akiuliza kwa nini bamvua linafuata mwezi, usimwambie hiyo ni fizikia, kamuulize mwalimu wa fizikia. Mjibu! Au mwalimu wa fizikia aje na nyinyi ufukweni, nafasi kwenye gari ipo.

Na hapo naingia jambo la pili. Tumejenga kuta baina ya masomo, na viumbe havina khabari na kuta zetu. Nitakupeni mfano wa msitu wa Jozani.

Kima punju wetu, ambaye duniani kote hayupo isipokuwa hapa Zanzibar, wale wanaoishi kwenye mashamba ya pembezoni mwa msitu wana tabia ya kula makaa. Makaa haya haya ya kupikia. Wanaokota kwenye matanuu, kwenye visiki vilivyoungua, wanatafuna. Watu wa pale wanalijua jambo hilo zamani. Mtafiti Thomas Struhsaker na wenzake waliandika mwaka 1997 kwamba kima wale wanakula sana majani ya mwembe na mkungu (mti wa kungu, si wa ndizi), majani yana protini nzuri lakini yana fenoli ambazo zinaharibu usagaji wa chakula tumboni, na makaa yanazishika zile fenoli. Wakayapima na makaa yenyewe kwenye maabara, yakaonekana yanafanya kazi hiyo vizuri.

Sasa niambieni, hii ni baiolojia au kemia? Ukimpa mwanafunzi kama baiolojia anakwambia "adaptesheni" anafunga daftari. Ukimpa kama kitu cha kufanya, mambo yanakuwa mengine. Chemsha majani ya mkungu, maji yake yagawe vikombe viwili. Kimoja tia makaa yaliyotwangwa, koroga, wacha kidogo, chuja kwenye kitambaa kilichokunjwa mara mbili tatu mpaka maji yatoke safi. Chengine chuja hivyo hivyo bila ya makaa. Kisha chukua siki uliyorowekea misumari tokea jana, tia matone sawa kila kikombe. Kile kisichotiwa makaa kinageuka cheusi, mle mle machoni mwako, wino mtupu, kwa sababu chuma kimekutana na fenoli. Kile chengine kinabaki na rangi hafifu. Mwanafunzi aliyeyaona yale maji yakigeuka hahitaji kulazimishwa kuuliza, masuali yanamtoka mwenyewe: makaa kiasi gani yanatosha? Makaa ya mwembe na makaa ya mkandaa sawasawa? Yakisagwa laini yanashika zaidi? Basi tayari ana gramu, ana grafu, ana hesabu, ana kemia, na bado yumo kwenye tumbo la kima.

Na haliishi hapo. Wakulima wa kule wanalalamika kima wanamaliza vidaka vya minazi yao, na malalamiko yao ni ya haki kwa sababu nazi ni pesa. Watafiti wakaenda wakahesabu, wakachapisha 1999, wakakuta mavuno ya nazi hayakupungua kule kima wanakokula vidaka. Minazi yenyewe inaangusha vidaka vingi bila ya kuguswa na mtu. Hapo pana takwimu, pana uchumi wa shamba, na pana suali zito la namna ya kumwambia mkulima jambo ambalo macho yake yanamuonyesha vyengine. Nani wa kulisomesha hilo? Idara gani? Mimi nasema wote, tena siku moja.

Wazee waliomo humu watakumbuka mbung'o. Ng'ombe walikuwa wanakufa na nagana, maradhi anayoyaeneza mbung'o, kisiwani hapa. Leo mbung'o Unguja hayupo. Vijana, mnajua aliondokaje? Nawauliza wanafunzi wangu kila mwaka na wanaojua ni wachache mno, na hili lilitokea hapa, kwetu, dunia nzima inalisoma!

Kwanza walimpunguza kwa dawa, ng'ombe wakapakwa, mitego ikatundikwa. Halafu wakafuga mbung'o Tanga, kwa maelfu, wanalishwa damu kupitia utando, wakachukua madume wakayapiga mionzi ya gama yakawa hayazalishi, wakayapandisha ndege wakaja kuyamwaga juu ya kisiwa. Kuanzia 1994 mpaka 1997 walimwaga zaidi ya milioni 8. Jike la mbung'o kwa kawaida linapandwa mara moja tu, akimpata dume tasa basi uzazi wake umekwisha. Tena mbung'o si kama nzi wa kawaida anayetaga mayai mamia, yeye anazaa buu mmoja mmoja, kwa hivyo kujaza pengo kunamchukua muda. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa Septemba 1996, mwaka wa pili yake ikatangazwa kwamba Unguja imesalimika.

Tizameni kilichohitajika hapo. Lazima ujue uzazi wa mdudu, hiyo baiolojia. Lazima ujue mionzi kiasi gani inamtasisha dume bila ya kumuua wala kumnyong'onyeza akashindwa kuwania jike, hiyo fizikia. Lazima uhesabu matasa mangapi kwa kila dume zima. Lazima ujue jografia, kwamba hiki ni kisiwa, mbung'o mpya hawezi kuvuka bahari kurudi, na kwamba hapa palikuwa na aina moja tu, Glossina austeni. Ukimtoa mtu mmoja kwenye timu ile kazi imekufa. Darasani mie natumia kunde na choroko kwenye mfuko mweusi, choroko 90 ni tasa, kunde 10 ni nzima, kila mwanafunzi ni jike, tia mkono utoe moja bila ya kuchungulia. Waliopata kunde ndio waliozaa. Kizazi cha pili madume mazima yamepungua lakini ndege inaendelea kumwaga 90 zile zile, chezeni tena. Baada ya vizazi vitatu vinne mfuko hauna kunde, na darasa zima wameshaiona probabiliti bila ya mtu kuwatisha nayo. Wale waliokimbilia baiolojia kwa kukhofia hesabu (na nyinyi ni wengi, msifiche) ndio wanaopiga kelele kuliko wote kwenye mchezo ule.

Jambo la tatu, na hili nalipenda kuliko yote. Tuwape wanafunzi masuali ambayo na sie majibu yake hatuna.

Marekani tokea 2008 kuna programu inaitwa SEA-PHAGES. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza, sisemi wa masters, wa mwaka wa kwanza, wanachimba udongo popote, uani, bustanini, wanatafuta humo feji, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria. Kila anayempata mpya anampa jina. Wenzetu wa Durban, Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, nao walifanya kazi ya namna hiyo hiyo, na mwaka 2010 mwanafunzi mmoja akampata feji chini ya bilingani lililooza. Bilingani! Akamwita Muddy. Akawekwa kwenye friza na wenzake maelfu. Miaka ikapita, London kukawa na msichana wa miaka 15, kabadilishwa mapafu, kapata bakteria sugu hasikii antibaotiki yoyote, madaktari wamefika mwisho. Wakatafuta kwenye hazina ile feji zinazoweza kumuua bakteria yule. Zikapatikana tatu, mmoja wao ni Muddy wa kwenye bilingani. Msichana akapata nafuu akarudi nyumbani, ikachapishwa 2019. Yule mwanafunzi wa Durban alipokuwa akilifukua lile bilingani hakuna mwalimu aliyejua jibu litakuwa nini. Hebu nambieni, kwetu hakuna mabilingani yanayooza? Sokoni Darajani pale jioni mnapita wapi?

Na si lazima iwe virusi. Twendeni Paje, twendeni Jambiani. Mwani wa kulimwa umeanza kule mwaka 1989, mbegu zilitoka Filipino, na wakulima wengi ni kinamama. Aina ni mbili, kuna spinosum na kuna kotonii, kotonii ndiyo yenye bei, na kotonii ndiyo inayokufa maji yakipata moto. Wanafunzi wangu walikuwa na bibi mmoja wa Paje, tumemkuta kaegemea vigingi vyake anakaza tai-tai, vile vikamba vya kufungia mwani. Shikamoo, marahaba wanangu. Akakata tawi la mwani akawaonyesha, nusu lina rangi yake, nusu jeupe limelainika, akalibana kwa vidole viwili likakatika pale kwenye weupe. Wanafunzi wakasema "aisi-aisi", ndivyo kitabu kinavyouita ugonjwa ule. Bibi akasema jina mimi silitaki, nambieni kwa nini mstari huu wa ndani umekufa wote na ule wa nje kule, mbegu moja, nimefunga siku moja, uko mzima?

Kimya. Watu wa shahada hao, kimya.

Lakini mmoja akatoa thamomita. Akapima maji ya mstari wa ndani, akakimbia akapima ya mstari wa nje. Tafauti ikaonekana. Bibi akasema pimeni na mchana jua likiwa utosini, na mpime siku ya maji mafu ambapo maji hayaendi. Mnaona hapo nani alikuwa anasomesha? Kwa sababu yule mama keshalitizama shamba lile miaka na miaka, yeye ana data kichwani. Kazi yetu ilikuwa kumpa daftari na namba. Kundi lile likageuza suali lake kuwa projekti ya mwisho, joto, chumvi ya maji, kasi ya maji, na mmoja wao wa upande wa biashara akafuatilia bei, mama anapata ngapi kwa kilo na ile karajinani inayotolewa kwenye mwani inaishia kwenye dawa ya meno na aiskrimu za nani huko. Na walipomaliza walirudi Paje kumpa bibi majibu. Hili nalisisitiza, narudia tena nalisisitiza: warudi. Tusiwafanye wanakijiji wetu ni maabara ya kuchota halafu ripoti inakaa kabatini chuoni.

Sasa nayasikia manung'uniko, na ni ya haki. Mwalimu, silabasi ni ndefu, hatutamaliza. Mwalimu, darasa lina watu mia na hamsini. Mwalimu, wanafunzi wenyewe hawataki, wanataka notsi.

La silabasi, mimi nakuuliza tu, umeimaliza wewe au wameimaliza wao? Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi na hesabu vyuoni, wakalinganisha lekcha tupu na madarasa ambayo wanafunzi wanafanya kitu. Kwenye lekcha tupu walikuwa wanafeli karibu 34 kwa kila 100. Kwenye yale mengine karibu 22. Chukueni darasa lenu la mia na hamsini mpige hesabu wenyewe, ni watoto wangapi hao? Kila mmoja ana mzee aliyeuza ng'ombe au karafuu kumlipia ada.

La wanafunzi kutaka notsi, nalo limepimwa. Harvard, 2019, darasa la fizikia, waliofanya kazi wenyewe walijifunza zaidi lakini walipoulizwa wakasema wanahisi wamejifunza kidogo kuliko wale waliokaa kumsikiliza mhadhiri hodari. Kwa sababu kufikiri kunachosha, na maneno mazuri ya mhadhiri yanakupa raha ukadhani umeelewa. Kwa hivyo wakilalamika usirudi nyuma, waambie mapema siku ya kwanza kwamba utachoka, na uchovu ule ndiyo somo linaingia.

Na mitihani lazima ibadilike, la sivyo tunajidanganya. Huwezi kumpeleka mtoto mikokoni halafu kwenye mtihani ukamuuliza "taja sifa tano za mikoko". Mpe grafu ya joto la mistari miwili ya mwani asiyowahi kuiona, muulize ungemshauri nini mkulima na kwa ushahidi gani.

Nimalizie, naona mwenyekiti ananitizama. Baada ya chai tunagawana makundi, na ombi langu ni kila idara itoke na kitu kimoja, nimesema kitu, sikusema mada. Wenzetu wa Pemba mna popo wenu wa Kidike, mna mikarafuu imejaa yujinoli, ile inayoipa karafuu harufu yake, na kemia ya kila aina, msije hapa kutuiga kima. Andikeni kitu chenyewe, andikeni masomo manne yatakayokigusa, andikeni walimu gani wa idara nyengine mtakwenda kuwagongea mlango, na mtu mmoja wa nje ya chuo anayekijua kuliko nyinyi, mvuvi, mkulima, mpishi, yeyote. Karatasi ziko meza ile ya kushoto, na wale wanafunzi wa nyuma muingie kwenye makundi na nyinyi, msikae kutizama. Ahsanteni sana, nani ana suali?